Siku Mia Saba na Thelathini

Mara ya kwanza unga wa vitumbua ulipochacha, Sikitu alilaumu hamira. Mara ya pili akalaumu joto la jikoni. Mara ya tatu hakulaumu kitu. Alichovya kidole, akaonja, akatema kwenye karo, na kuanzia hapo hakumwamini mtu yeyote mle ndani.

Alikuwa amekaanga vitumbua miaka kumi na tisa pale Tanga mjini, nje ya geti la shule, na unga wake aliujua kama unavyokijua kikohozi cha mama yako. Mchele uliolowekwa ukasagwa, tui, iliki, hamira kijiko kimoja. Unauacha baada ya isha, unaamka alfajiri unaukuta umeumuka, umejaa vipovu, unanukia utamu. Humu ghalani aliuandaa vilevile taa zilipozimwa. Taa zilipowashwa aliukuta umeshapanda ukashuka, umeacha ukoko ukingoni mwa bakuli, unanuka kama tembo la mnazi la juzi.

"Umezeeka, dada Sikitu," alisema Mboni, aliyekuwa zamu moja naye jikoni. Mboni alikuwa mjane wa miaka ishirini na saba, na kwake hapakuwa na jambo lisilo na utani. "Mkono umepoteza vipimo."

"Mkono wangu haujapoteza kitu. Usiku wa humu ni mrefu."

"Usiku mrefu! Mumeo akikusikia atakuja mbio."

"Mume nilimwacha zamani, ndiyo maana najua usingizi mzuri unavyokuwa. Nakwambia huu ni mrefu."

Mboni alicheka, akaumwaga unga, wakapika uji.

Walikuwa wanawake arobaini, na hakuna aliyeletwa kwa nguvu. Walijiandikisha wenyewe, kwa foleni, kwenda kufanya kazi katika maghala ya nchi moja ya kaskazini, mwendo wa ndege tatu. Kampuni iliyowachukua iliitwa Safari Nyepesi, na ilichouza ni kitu kimoja tu: mfanyakazi asiyefika amechoka. Zamani mtu akirushwa nusu ya dunia alifika kama mlevi. Anasinzia mchana, anakodoa macho usiku, tumbo linadai ugali wakati wenzake wamelala. Wiki nzima mwili unamtafuta, na mwajiri hana wiki ya kumsubiri mtu mwili wake ufike. Basi Safari Nyepesi iliwaweka watu ndani kabla ya safari, ikawageuza hukuhuku nyumbani.

Namna ya kuwageuza waliielezwa siku ya kwanza. Ndani ya kichwa, nyuma ya macho, pana kijinyama kama punje ya mtama, na hicho ndicho kinachouambia mwili sasa amka, sasa shikwa na njaa, sasa lala. Kinasikiliza mwanga. Kwa hiyo madirisha yalizibwa, saa na simu zikapelekwa ofisini mjini, zikafungwa taa kubwa darini zilizopambazuka na kuzama kama jua, na kila mtu akachomwa sindano ya kukilegeza kile kijinyama kikubali amri mpya. Mwisho kabisa, siku ya kuondoka, ingekuja sindano ya kufunga. Ukishafungwa, saa yako ndiyo hiyo hadi mkataba uishe.

Mkataba ulikuwa wa siku mia saba na thelathini. Sikitu alimwachia binti yake Mwajabu, wa miaka tisa, daftari la mistari. "Kila siku chora mstari mmoja," alimwambia. "Ukifika mia saba na thelathini, uje na bibi yako stendi unipokee." Mwajabu alichora wa kwanza palepale kabla mama hajabeba begi. Ilikuwa asubuhi ya Shaaban mosi.

Na ghala lenyewe Sikitu alilijua. Lilikuwa ghala la katani. Babu yake, mzee Semboja, alibeba marobota humu enzi za Mwingereza, na kwenye boriti bado zilionekana namba zilizoandikwa kwa lami. Kampuni ilipaka kuta rangi ya maziwa, boriti ikazisahau.

*

Walikuwa na viti vya mazoezi, safu kumi za viti vya mbao vilivyobanana kama vya kwenye ndege, na kila siku walikaa humo wamevaa soksi za kubana miguu huku kipaza sauti kikiwaamrisha. Kunyweni maji. Zungusheni vifundo vya miguu. Msilale bado. Sasa laleni.

"Mimi nikiambiwa lala silali," Mboni alinong'ona, paji la uso limeegemea kiti cha mbele. "Nikiambiwa usilale, hapo ndipo." Halafu akashusha sauti zaidi. "Dada, una kitambaa? Siku zangu zimenijia."

"Jikoni ninacho. Mbona una uso huo?"

"Hazijafika wakati. Mimi mwezi wangu haukosei, hata nikiwa na homa. Nilizipata siku ileile tuliyoingia. Nimelala mara ngapi humu? Ishirini na mbili. Bado sita."

Mwanamke wa safu ya mbele aligeuka. "Na mimi jana. Mapema vilevile."

"Na mimi," akasema wa pembeni.

Sikitu alitoa tenga la vitunguu siku hiyo na kwenda kumenyea kila mahali walipokaa watu, na kila alipokaa aliuliza. Kufikia taa za magharibi alikuwa amewapata kumi na moja wanaojua hesabu yao vizuri. Tisa zimewajia kabla ya wakati, na wote kwa siku tano au sita zilezile. Wawili waliobaki walikuwa wananyonyesha hadi juzi, hao hawakuwa ushahidi.

Walimwuliza sista. Sista Adelina, nesi wa kampuni, mwanamke mpole wa Bukoba, alisema ni kawaida, ni sindano, homoni zinayumba. Wakaridhika.

Sikitu hakuridhika. Sindano inayumbisha homoni, sawa. Je, na hamira nayo ilichomwa?

Jioni ile alikaa kwenye mkeka akasikiliza adhana. Kampuni ilikuwa na heshima zake, kila sala kipaza sauti kiliadhini. Alikuwa ameisikia hiyo adhana ya isha mara ishirini na mbili bila kuisikiliza. Sasa aliisikiliza. Katikati, kabla ya shahada ya pili, mwadhini alikohoa kidogo. Akangoja kesho yake. Akakohoa palepale. Na keshokutwa.

Ilikuwa imerekodiwa. Mtu anayekupangia chakula anaweza kuwa mwajiri tu, lakini anayekupangia alfajiri anataka kuwa nani?

*

Aliingia chumba cha sindano na bakuli lake la bati mkononi, akaliweka juu ya meza katikati ya chupa za dawa.

"Nusa, sista."

Adelina alinusa, akarudi nyuma. "Umechacha."

"Huu ni unga wa usiku mmoja. Usiku wa wapi?"

"Mama, mimi mambo ya jikoni..."

"Nionyeshe mkono wako. Wa kushoto." Sikitu hakungoja. Aliuvuta juu ule mkono mrefu wa koti jeupe. Kifundoni palikuwa na mkanda wa ngozi iliyopauka, upana wa vidole viwili. "Huwa unavaa saa ukitoka humu. Sisi tunakaa bila saa, wewe unaivua mlangoni. Niambie ukweli. Siku ya humu ina saa ngapi?"

Nesi alitazama mlango. Kisha akatazama bakuli, muda mrefu, kana kwamba bakuli ndilo lililomuuliza.

"Thelathini," alisema.

"Rudia."

"Saa thelathini. Ishirini za kuwa macho, kumi za kulala. Maghala yao kule hayana madirisha, mama, jua halina kazi. Na hamuumii, nakuapia. Mwili ukishageuzwa hausikii uchovu, kwake hiyo ndiyo siku."

Sikitu alikaa kwenye kigoda cha wagonjwa. Alizoea hesabu za kichwani, miaka kumi na tisa ya kurudisha chenji kwa watoto wa shule. Siku nne za humu ni siku tano za Mungu. Mia saba na thelathini za humu ni mia tisa na kumi na mbili za nje. Miaka miwili na nusu. Mwajabu atamaliza mistari yake, atavalishwa gauni, atashikwa mkono hadi stendi. Atatazama kila basi linalofungua mlango. Na mama yake ugenini atakuwa na hakika, bila kusema uongo, kwamba bado siku mia na arobaini na sita.

"Ulijua," alimwambia nesi.

"Nina wazazi wawili wa dayalisisi, kila wiki wasafishwe figo," alisema Adelina, na machozi yakamtoka.

Mlango ulifunguliwa. Meneja, bwana Mrutu, kijana nadhifu wa sauti ya chini, aliingia akijifuta miwani, na kwa jinsi asivyoshangaa, Sikitu akajua chumba kile kina masikio.

"Mama Mwajabu," alisema. "Usimlaumu sista."

Sikitu aligundua kwamba hakuwahi kumtajia kijana huyu jina la mtoto wake. Lilikuwa kwenye fomu. Kila kitu kilikuwa kwenye fomu.

"Ibara ya nne," Mrutu aliendelea. "Siku ni muda kati ya kuamka na kuamka tena. Mlisomewa, mkaweka dole gumba. Hakuna aliyedanganywa."

"Nani asiyejua siku ni nini hata asomewe?"

"Hilo swali ni zuri. Unaona? Katika arobaini ni wewe tu uliyeuliza." Alivaa miwani. "Kule tunahitaji kiongozi wa kundi. Mtu mwenye akili, anayeheshimiwa na wenzake. Kiongozi hafungwi saa thelathini, maana anapaswa kuzungumza na ofisi. Anabaki na ishirini na nne, kama mimi na wewe tulivyozaliwa. Na mkataba wake ni wa siku za kalenda. Utamkuta binti yako stendi, mama. Siku ileile uliyomwambia."

"Na wenzangu?"

"Wenzako watafanya kazi, watatuma pesa, watarudi. Hawatajua wamepoteza nini kwa sababu hawatahisi kupoteza. Ukiwaambia je? Safari inakufa. Mboni ana wadogo zake watano. Nenda kamwambie: nimekuharibia safari kwa sababu unga wangu ulichacha." Alitabasamu kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli. "Fikiri. Tunafunga saa baada ya siku tatu."

"Siku zipi?" aliuliza Sikitu.

Mrutu alimshikia mlango atoke.

*

Alifikiri, na tusimpambe, kwa siku mbili za saa thelathini alifikiri kukubali.

Alimtazama Mboni akiimba huku anasugua masufuria. Alimtazama yule wa safu ya mbele, aliyeuza shamba la mihogo apate nauli ya kuja Tanga. Nani alimpa Sikitu kazi ya kuwaamulia? Wakienda hawataumia. Wakibaki wataumia, na wataumia leo, kwa njaa. Kila alipolipindua neno hilo lilikuwa na upande wa haki. Na katikati ya haki zote hizo alisimama Mwajabu amevaa gauni.

Lakini macho yake yalirudi kwenye boriti.

Mzee Semboja, kabla ya kuja ghalani, alikata mkonge shambani, na huko alikuwa na kadi, wakiiita kipande. Ilikuwa na vyumba thelathini, na kila ukimaliza kazi ya siku mnyapara anakuandikia kimoja. Ukiugua, haandiki. Ukikata majani pungufu ya mzigo uliopangiwa, haandiki. Akikuchukia, haandiki, ingawa umekata na mgongo unatoka damu. Mwezi wa mshahara ulikuwa vyumba thelathini, siyo mwezi wa angani, na babu alikuwa na miezi ya siku arobaini na mbili. Bibi alikuwa akimngoja Usambaa na mwezi mwandamo, ukiandama, ukifa, ukiandama tena. Kijiji kikamwambia mumeo ana mke huko mkongeni. Aliporudi alimkuta ameolewa. Babu hakumlaumu bibi, wala Mwingereza hakumlaumu sana, aliyekuwa mbali. Aliyemtaja kila akinywa, hadi kufa kwake, ni mnyapara. Jina lake, ukoo wake, shati alilovaa. Mtu wa kwao, aliyejua siku imekwisha akakataa kuiandika.

Sasa kalamu ile alikuwa anapewa yeye.

*

Siku ya kufunga waliamshwa kabla ya alfajiri ya kwenye kipaza sauti. Sikitu alikuwa ameshakaanga. Safari hii hakuuacha unga ulale, aliukoroga na kuukaanga palepale, vikatoka vigumu kidogo, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Wanawake arobaini walipanga foleni wamevaa sare za buluu na soksi zao za kubana, wakichekacheka kwa woga. Mrutu alimwashiria kwa mkono atangulie. Kiongozi kwanza, kana kwamba ameshakubali.

Sikitu alikwenda mbele, akakunja mkono wa gauni, akauweka juu ya meza. Adelina alishika sindano, haangalii juu.

"Kabla hujanichoma," alisema Sikitu kwa sauti ya kuitia wateja barabarani, "meneja, shika kalamu. Kwenye ibara ya nne, pale palipoandikwa siku, andika pembeni: saa ishirini na nne. Kwenye karatasi ya kila mmoja wetu. Ukiandika, nachomwa."

Mrutu alisogea karibu na meza.

"Mama Mwajabu, tuliongea."

"Tuliongea peke yetu. Sasa tuko wote. Andika tu. Ni maneno manne."

"Kuna nini?" aliuliza mtu nyuma.

Mrutu hakushika kalamu. Alisimama na mikono yake safi mbele ya tumbo, na kila mtu aliitazama mikono ile. Sikitu aligeuka akawaambia. Hakupamba. Unga, siku za kike, adhana inayokohoa palepale, ishirini za kuwa macho na kumi za kulala, miaka miwili inayogeuka miwili na nusu. Akawaambia na jinsi alivyoahidiwa uongozi. Hilo lilimtoa jasho zaidi ya yote.

"Kumbe ulijua tangu juzi?" Mboni alisema polepole. Hakuwa anatania.

"Nilijua."

"Ukakaa kimya."

"Nilikaa. Nikikudanganya leo pia, sitakuwa nimebakiza kitu."

Mboni alimpita. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono juu ya meza. "Nusu mwaka," alisema, akitazama ukuta. "Nina wadogo watano, dada. Kule nitakula. Mimi hata wakiniambia siku ina saa mia. Nichome, sista."

Sista Adelina alishika sindano. "Mkono wangu haujatulia," alisema. "Ngojeni kidogo." Akaiweka chini.

Wanawake tisa walitoka mstarini wakaenda kusimama na Sikitu. Mrutu, kwa adabu ileile, alimwambia mlinzi awafungulie mlango. Kabla ya sindano ya mwisho kila mtu ni huru, hilo nalo lilikuwa kwenye mkataba. Mlango mdogo wa geti ulifungwa nyuma yao.

*

Jua liliwapiga kama kofi. Miili yao yote ilisema ni giza la kabla ya alfajiri, na juu yao lilikuwa jua la alasiri, kali, vivuli vimelala upande. Mmoja alitapika. Wengine walikaa chini ya ukuta wamefumba macho. Sikitu aligawa vitumbua, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya hilo. Kwa hesabu yao walikuwa wamelala mara ishirini na nane. Hata Sikitu, kwa mazoea, hakukumbuka kuzigeuza ziwe siku za nje. Leo Shaaban ishirini na tisa, walisema, jioni tuangalie mwezi, huenda kesho tukafunga. Angalau mfungo tutafungia nyumbani.

Mtu wa baiskeli alikuja na barabara ya vumbi, amefunga magunia mawili ya mihogo. Alipowaona alipunguza mwendo, kisha akasimama kabisa.

"Nyie akina mama," alisema, "hata haya hamna? Mmejipanga barabarani mnatafuna mchana mweupe."

"Tumekosa nini, baba?" aliuliza Sikitu.

"Mnaniuliza mimi? Mwezi mtukufu huu. Leo tunafunga chungu cha sita."

Kitumbua kilikuwa mdomoni mwa Sikitu, nusu kimetafunwa. Alikitema kiganjani.

"Umesema cha ngapi?"

"Cha sita. Mihogo hii nawahisha ya futari. Mmetoka wapi nyinyi, hamjui mwezi umeandama?"

Mwanamke mmoja alianza kulia, bila sauti. Siku sita walikuwa wamekula asubuhi na mchana, na kipaza sauti kikiwaita kusali. Saa zao ziliibwa, wakavumilia kusikia. Funga yao iliibwa, na hapo hasira iliyokuwa inazungukazunguka ndani ya Sikitu ilipata pa kukaa. Mwajabu leo amechora mstari wa thelathini na sita.

"Hizi sita tutazilipa," alisema. "Mungu anajua hatukujua." Akasimama. Miguu ilimwambia lala. Hakuisikiliza. "Lakini humo ndani wako thelathini ambao bado hawajui."

Ndipo kipaza sauti cha ghalani kilipoanza. Mashine haikuwa na habari ya mgomo, wakati wake ulifika ikaadhini. Ilikuwa adhana ya alfajiri, ile inayowaambia watu kwamba sala ni bora kuliko usingizi, na ilipita juu ya ukuta ikatua katikati ya jua la alasiri. Muuza mihogo alitazama juu angani. Akatazama saa yake ya mkononi. Akashika usukani wa baiskeli kama mtu aliyesikia maiti akiita.

"Hiyo alfajiri ya nani?" aliuliza.

Katikati, kabla ya shahada ya pili, mwadhini alikohoa.

Sikitu alilitoa bakuli la bati kwenye begi. Alikwenda hadi kwenye geti la chuma akaanza kuligonga nalo, kwa nguvu zote, chuma kwa bati, na akaita kwa ile sauti ya miaka kumi na tisa.

"Mboni! Chungu cha sita! Mboni, leo chungu cha sita! Watu wanafuturu mihogo huku nje!"

Wenzake tisa walikuja, wakagonga kwa viganja. Muuza mihogo naye, hata hakuulizwa, aliegesha baiskeli akaja na ngumi zake. "Ni kweli!" alipaza sauti. "Cha sita! Nami nimefunga!"

Adhana ilikwisha. Ndani palikuwa kimya kwa muda ambao Sikitu hakuweza kuupima, kwa kuwa hakuwa tena na saa, si ya mkononi wala ya mwilini. Kisha komeo likalia. Mlango mdogo ulifunguka upana wa bega, na Mboni akatoka nje na soksi zake za kubana, mkono wa gauni bado umekunjwa, ngozi ya mkono haijachomwa. Alijikinga jua kwa kiganja. Hakumtazama Sikitu.

"Baba," alimwambia muuza mihogo, "nionyeshe hiyo saa yako."